Gauni Jekundu Siku ya Mazishi

Grrr. Kimya. Grrr tena.

Simu ilikuwa inatetemeka juu ya kifuniko cha sufuria, gizani, jikoni kwa mama mkwe wake kule Tetu. Waithira aliidaka kabla haijamwamsha mtoto. Akaifungua. Sura yake mwenyewe ikamchekea usoni.

Hapo ndipo tulimwacha wiki jana, msomaji wangu, na najua wengine wenu mlinikasirikia. Basi tusipoteze muda. Leo anazikwa Mzee Wambugu, baba mkwe wa Waithira. Waithira amelala jikoni juu ya godoro la kuazima, binti yake Njoki wa miaka minne kifuani. Na kwenye simu, mbele ya maelfu ya watu, Waithira huyo huyo anacheza dansi ndani ya gauni jekundu la mabega wazi. Chini pameandikwa: "Wikendi imefika, warembo! Nani anatoka leo?"

Nani aliitoa video hiyo siku ya msiba?

Hakuna mtu. Ilijitoa.

Watu wakimwona mrembo wa mavazi mtandaoni hudhani kila siku ana nguo mpya na raha mpya. Hawajui kwamba nguo za mwezi mzima hupigwa video asubuhi moja, maana kifurushi cha nguo kinarudi kwa kampuni jioni. Unavaa, unacheka, unazunguka, unavua. Lebo inakukwaruza shingo kwa sababu haikatwi. Mgongoni umebanwa na vibanio vya kuanikia nguo ili gauni la mtu mnene likukae. Baridi ikikutetemesha, unaambiwa tabasamu. Kisha kila video inapewa tarehe yake, kama mtu anavyotega saa ya kuamka, na tarehe ikifika inatoka yenyewe, uwe umelala, uwe unalia.

Waithira alikuwa analia. Gauni jekundu lilikuwa limemtoka akilini kabisa.

Alisoma maoni kwa jicho moja. "Gauni ni ngapi?" "Kuna ya rangi ya maziwa?" "Hiyo shingo ni ya mtu ama ya twiga?" Na katikati yao, kutoka kwa binamu wa mumewe: "Kwani hamziki leo?"

Akabonyeza pale pa kufuta. Simu ikadai paswadi. Akaiandika. Ikakataa. Akaiandika tena polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea.

Ikakataa.

Akampigia Theuri. Huyu Theuri ndiye ajenti wake, kijana wa mjini Nyeri anayemtafutia kampuni za nguo.

"Theuri, toa hiyo video."

"Waithi! Umeamka? Umeona vile watu wameingia? Ni kama siafu, maze."

"Leo tunazika. Nilikuambia."

"Pole sana. Lakini hiyo si mimi, ni tarehe. Tarehe uliweka wewe mwenyewe."

"Basi itoe. Paswadi imekataa."

"Nilibadilisha. Kampuni haitaki watu wawili washike akaunti moja. Si iko kwa mkataba?"

Ilikuwa kwa mkataba. Waithira aliusoma huku anakoroga uji, na pale penye paswadi ndipo uji ulipofurika.

"Theuri, nakuomba. Hawa watu watanila."

Sauti ya kijana ikageuka tamu, na hapo ndipo Waithira alipoogopa.

"Sikiza. Ile gauni nyeusi ilikuja juzi na haijarudi, uko nayo?"

"Iko kwa begi."

"Vaa hiyo leo. Video fupi tu, kando ya kaburi. Usicheke, shika ua, angalia chini. Watu wataona kumbe ni mtu ako na uchungu. Kampuni ifurahi. Na mimi hiyo nyekundu naitoa saa hiyo hiyo."

"Unataka nimfanye mzee tangazo?"

"Nataka nikusaidie. Fikiria."

Akakata.

Kabla Waithira hajafikiria, mlango wa jiko ulipigwa teke. Taa ya tochi ikamwangukia machoni.

"Mchezaji dansi! Amka umenye viazi. Ama kucha zitavunjika?"

Alikuwa Tata Beth, shangazi wa mumewe, dada ya marehemu. Mkono mmoja beseni la viazi, mkono wa pili simu. Na kwenye simu, gauni jekundu linazunguka, linazunguka.

"Tata, naweza kukueleza."

"Nieleze nini na niko na macho? Ndugu yangu bado ako kwa sanduku, hajashuka hata, na wewe unauliza nani anatoka leo? Mzee ndiye anatoka leo! Anatoka kabisa!"

"Tata, mtoto amelala."

"Acha aamke aone mama yake akirusha mguu."

Akaketi juu ya kigoda, akaanza kumenya kwa hasira, ganda nene kama kipande cha mkate.

"Na nikwambie mapema. Maua ya kaburini, majina nitaita mimi. Wake wa wana nitawaita. Wewe sikuiti."

Msomaji, usilione neno hilo kuwa dogo. Mzee akizikwa huko kwetu, familia huitwa mbele kwa majina, kundi baada ya kundi, kuweka maua juu ya udongo. Waithira na Mwai, mumewe, hawajafanya ruracio, sherehe ya mahari. Wazee hawajakaa, mbuzi hawajapelekwa, hakuna siku hata moja ambapo Waithira amesimama mbele ya watu akaitwa mke wa Mwai. Ni Mzee Wambugu aliyesema, akiwa bado na nguvu zake: "Huyu msichana ni wetu. Siku yangu ikifika, aitwe na wenzake." Akiitwa leo, ana boma. Asipoitwa, ni mgeni aliyekuja kumenya viazi, na mtoto wake ni mtoto wa mgeni.

Ndiyo maana Waithira alisahau kuwa mwangalifu.

"Tata, hiyo video si ya leo! Tulipiga zamani. Tulipiga ile Jumamosi mzee alizidiwa, kabla hata hatujajua amezidiwa. Inajitoa tu yenyewe. Haki ya Mungu."

Kisu cha Beth kikasimama katikati ya kiazi.

"Tulipiga? Wewe na nani?"

Waithira akainamia beseni, akaokota kiazi.

Aliyeshika simu Jumamosi ile alikuwa Mwai, mumewe.

Ilikuwa Ruring'u, mjini Nyeri, kando ya ukuta wa uwanja, jua limetoka tu na nyasi bado zina umande. Kampuni ilikuwa imetishia kumpa msichana mwingine kazi, na mtu wa kupiga picha hakutokea. Mwai, dereva wa pikapu ya mboga, alikuwa na siku moja ya kupumzika. Akasema, "Leta, nitashika mimi." Njoki mdogo alisimama ameinua leso kama pazia ili mama yake abadilishe nguo nyuma yake, ingawa leso ilimfikia Waithira kiunoni tu. Walicheka. Ni kweli walicheka, miezi ilikuwa imepita bila wao watatu kucheka pamoja.

Kisha simu ya Mwai ikalia. Mama yake, kutoka hospitali ya hapo hapo mjini. Baba anakuita, kuja.

"Mami, niko Nanyuki na mzigo," Mwai alisema, macho kwenye umande. "Nitakuja kesho."

Waithira alisikia. Hakuuliza kitu. Aliingia nyuma ya leso akavaa gauni lililofuata, na gauni lililofuata lilikuwa jekundu.

Kesho yake mzee hakuweza tena kusema.

"Nimeuliza, wewe na nani?" Beth akarudia.

"Na... wenzangu wa kazi."

Mwongo hupepesa macho, na Beth alikuwa na tochi.

* * *

Alimpata Mwai nyuma ya zizi, anamkamua ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe alikuwa hataki, anatupa mkia huku na huku.

"Umeona video?"

"Nimeona. Kila mtu ameona, isipokuwa Mami. Wamemficha simu."

"Waambie ni ya lini, Mwai. Wewe ndiye ulikuwa hapo."

"Wewe umewaambia?"

"Nimesema ni Jumamosi ile. Sijasema wewe."

Mwai aliacha kukamua. "Umesema siku?"

"Ningesema nini sasa? Beth anasema haniiti kwa maua!"

"Waithira, nikisema nilikuwa na wewe hiyo siku, nimesema sikuwa Nanyuki." Alijipangusa uso kwa mkono wenye maziwa. "Unajua Mami ananiambia nini kila jioni? Ati mlango wa wodi ukifunguka tu, baba anauliza, 'Ni Mwai?' Daktari akiingia, 'Ni Mwai?' Mtu wa kufagia, 'Ni Mwai?' Sasa nimwambie Mwai alikuwa Ruring'u, anasema zungusha gauni kidogo, kidogo tena?"

Waithira alitaka kumshika bega. Alitaka pia kumpiga na ndoo. Uchovu ukamzuia yote mawili.

"Mimi nilikuwa natafuta chakula chetu," alisema. "Si starehe."

"Najua."

"Basi?"

"Wacha leo ipite. Beth ni mdomo tu. Kesho nitasema."

"Kesho ndiyo ulimwahidi baba yako, Mwai."

Ng'ombe alipiga ndoo teke, maziwa yakaenda na matope, na wote wawili wakayatazama tu.

* * *

Saa za kuvaa zilipofika, wanawake walijazana chumbani kwa Mama Mwai, wakifungana vilemba na kusaidiana vifungo. Waithira alirudi jikoni na begi lake. Simu ikaita kwa ujumbe. Theuri: "Uko tayari? Nangoja."

Alilitoa gauni jeusi. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Mikono mirefu, shingo iliyotulia, kitambaa kizito kinachoanguka bila kelele. Akalivaa. Lebo ikamkwaruza pale pale pa siku zote. Video moja fupi, na lile jekundu lingeondoka machoni pa dunia kabla jeneza halijafika. Beth asingekuwa na kitu mkononi. Jina lake lingeitwa.

Njoki alikuwa ameketi kwenye gunia la viazi, anakula kiazi kilichochemshwa na chumvi. Akamtazama mama yake kuanzia juu hadi chini, kama anavyomtazama kila kifurushi kikija.

"Mama, hii ni ya kazi ama ni ya guka?" Hivyo ndivyo alivyomwita babu yake.

Mtoto wa mtu akikuuliza hivyo, unaweza kujibu. Wako akikuuliza, unavua.

Waithira alivua. Akavaa sketi yake ya kanisani na sweta ya maruni iliyotoka nyuzi kwenye kiwiko. Akamwandikia Theuri neno moja: "Sipigi."

Jibu lilikuja kabla hajafunga zipu ya begi. "Sawa. Nyekundu inabaki. Na kampuni nitawaambia uko mgumu kufanya kazi na wewe."

Akaizima simu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, mfuko wake ulinyamaza.

"Twende tumuage guka vizuri," alimwambia bintiye.

* * *

Kaburi lilikuwa limechimbwa chini ya majani chai, pale shamba linapoteremka. Ukungu ulikuwa haujapanda, watu walioketi hema la nyuma waliwasikia wa mbele bila kuwaona. Mchungaji aliomba, jeneza likashuka, vijana wakapokezana majembe. Mama Mwai hakulia. Alisimama ameshika mkono wa Njoki mdogo, mjukuu aliyepewa jina lake, na wawili hao walitazama udongo kwa namna moja.

Beth akachukua kipaza sauti.

"Mjane, Mama Mwai." Mama Mwai akaweka maua, akarudi.

"Watoto wa marehemu." Mwai na ndugu zake wakaweka.

"Wake wa wana. Kagure, wa Endarasha, mke wa kifungua mimba."

Kagure akainama, akaweka ua lake, akarudi. Waithira alikuwa amesimama tayari, ua mkononi, mguu mmoja mbele.

"Wajukuu!" Beth akasema.

Mguu ukabaki pale. Wapo waliocheka kwa pua. Mwanamke mmoja nyuma alinong'ona, si kwa sauti ndogo sana, "Si ndiye yule wa nyekundu?"

Waithira alianza kurudi nyuma, polepole, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Beth, umeruka mtu."

Watu waligeuka. Ni Mama Mwai aliyesema. Hakuwa na kipaza sauti, na hakukihitaji.

"Mzee alisema msichana huyu aitwe. Mimi nilikuwa hapo. Muite."

Ee, msomaji, ungemwona Waithira! Machozi aliyoyabana tangu alfajiri yalishuka yote pamoja. Akainua ua lake tena.

Lakini Beth si mtu wa kuaibishwa hadharani akanyamaza.

"Mama Mwai, wamekuficha kitu. Mimi sikufichi." Akashusha kipaza sauti, akashuka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akamwekea shemeji yake simu mbele ya macho. "Tazama."

Mama Mwai akatazama. Mwanga mwekundu ukacheza kwenye miwani yake.

"Ni nguo ya kazi yake," alisema mwishowe. "Anacheza. Vijana hucheza."

"Tazama chini, kwa nyasi. Hapo! Unaona kivuli?"

Kivuli. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya Mwai siku ile, na kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye nyasi, kirefu, kikifika hadi kwenye pindo la gauni. Mwanaume, kofia ya jaketi kichwani, mikono imeinuliwa. Waithira alikuwa ameitazama video hiyo mara ngapi akisahihisha rangi ya nguo, asikione?

"Huyo ni mwanaume," Beth alisema. "Sasa nisikize vizuri. Asubuhi ameniambia kwa mdomo wake, viazi ndio mashahidi, ati hii ilipigwa Jumamosi ile mzee alizidiwa. Sawa. Jumamosi ile Mwai alikuwa wapi?"

Kila mtu alijua jibu.

"Alikuwa Nanyuki na mzigo! Wewe mwenyewe ulimpigia, Mama Mwai. Mume ako Nanyuki anatafuta, na bibi ako Ruring'u, ukuta wa uwanja si huu unaonekana, anachezea mwanaume mwingine. Ndiyo huyo unataka niite?"

Haiya! Mnong'ono ulipita kwenye ukungu kama upepo kwenye mahindi makavu.

Angalia basi alivyonaswa. Neno moja la kweli alilosema asubuhi, likikutana na uwongo wa mumewe, limemgeuza malaya mbele ya kaburi.

"Si hivyo," Waithira alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Basi ni vipi?" Beth akasogea. "Kivuli ni cha nani?"

Waithira akamtazama Mwai. Alikuwa hatua chache tu, jembe mkononi, udongo wa baba yake kwenye viatu. Alimwomba kwa macho. Sema. Sema wewe, usiniache niseme mimi. Mwai alitazama jembe. Akachota udongo kidogo, akaumwaga pale palipokuwa pamejaa tayari.

Mama Mwai akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. Alipouliza, hakuuliza kwa hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Waithira, mwanangu. Niambie mimi. Huyu mwanaume ni nani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwa pale kwenye ulimi, jina fupi, jina la mumewe, na lingemsafisha papo hapo. Waithira alimtazama mama huyu aliyesimama upande wake wakati hakuna mwingine aliyesimama. Akaona kwamba neno hilo likitoka, ni mama huyu litakayemwangukia kwanza: mwanawe alikuwa karibu na hospitali, mwendo wa kutembea kwa miguu, huku baba yake akiuliza kila mlango ukifunguka.

Mtu akichoka sana, hata kujitetea ni mzigo wa kubeba. Waithira aliinama, akaliweka ua lake chini kwenye majani chai, si kaburini, akanyoosha mkono amchukue mtoto waondoke.

Njoki mdogo hakuja. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, ameshikilia sketi ya cucu, bibi yake, anaitazama ile simu ya Beth iliyokuwa bado inazungusha gauni jekundu. Akakiona kivuli. Uso wake ukafunguka, akaweka kidole chake kidogo juu ya kioo.

"Cucu, huyu ni baba ameshika simu."